Maji ya Mwenzake

Katika mtaa ule habari haikuwa habari mpaka ipite saluni kwa Redio Mbao. Ungeweza kufumaniwa asubuhi, ukaachwa adhuhuri, jioni ukapata mchumba mwingine, lakini kama saluni hawana taarifa, basi hayajatokea. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mwenyewe hakununa. Alisema redio ya mbao haitaki betri wala umeme, inataka watu tu, na watu kwake hawakukauka. Alikuwa na viti vitatu vya kusukia, benchi moja la wanaosubiri zamu, na ndoo iliyopinduliwa kwa ajili ya yule ambaye hakuja kusuka wala kusubiri, amekuja kusikiliza.

Kwa hiyo siku Binti wa Kinasa, yule wa kunasa sauti za watu, alipotokea mlangoni baada ya miaka kumi na miwili, wateja walijiweka sawa. Walijua leo kuna uhondo.

"Mama, umenenepa," alisema mgeni. Siku hizi hakuwa binti tena. Alikuwa na miwani, na mvi mbili za mbele zilizoikataa rangi.

"Na wewe umezeeka, karibu kiti. Nani kakuchana hivyo, adui yako?"

Nyuma yake alisimama msichana mrefu, mwembamba, kabeba begi.

"Huyu ndiye atakayekuwa wewe jukwaani safari hii."

Redio Mbao alimtazama kuanzia unyayo mpaka utosi. "Mwili wangu wote huu, mmeniletea fito?"

Saluni ikacheka, na msichana naye akacheka, kisha akaketi kwenye ndoo na kuanza kumwangalia mikono. Ndiyo kazi yao hao. Si watu wa kutunga. Wanakwenda pale palipotokea jambo, wanakusanya maneno ya watu kama yalivyotoka mdomoni, na kikohozi chake na guno lake, halafu wanayapeleka jukwaani bila kuongeza chumvi. Mara ya kwanza walikuja vijana sita na vinasa sauti viwili. Walikuja kwa ajili ya fundi viatu.

Kibanda cha fundi viatu kiliegemea ukuta wa saluni. Alikaa mtaani miaka tisa, na miaka yote tisa aliitwa Mgeni. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na ulimi wake ulikuwa bado na lafudhi ya kwao. Kosa lake lilikuwa hilo na halikuwa jingine. Mwaka ule zilibandikwa karatasi kwenye milango, kwamba wa kuja wote wawe wameondoka ifikapo Ijumaa. Watu walizisoma, wakaguna, wengine wakazibandua wakafungia sabuni. Ijumaa mchana wakaja wanaume kama kumi na watano, nusu yao wa mtaa huohuo. Wapo waliompiga mateke kwa viatu alivyowashonea yeye. Akafa kabla jua halijazama. Wanne wakafungwa.

"Sasa tunataka kujua mtaa umebaki na nini," Binti wa Kinasa alisema.

"Lakini si wanasema alichukua mke wa mtu?" aliuliza mteja wa kiti cha tatu, mke wa kinyozi, mtu wa kuhamia juzijuzi. "Mimi nimesikia ulikuwa ugomvi wa mwanamke."

"Umesikia wapi?"

"Watu."

"Watu ni mimi," alisema Redio Mbao, "na mimi sijasema. Aliuawa kwa kuwa alitoka kwingine. Inamisha kichwa."

Binti wa Kinasa aliandika kitu kwenye daftari. Kisha akaeleza kwamba wanarudia mchezo wa zamani na kuuongezea sehemu mpya, na kwamba kanuni yao ni ileile. Kabla ya onyesho kila mtu anarudishiwa maneno yake. Anayasikiliza, na akitaka lifutwe neno, linafutwa, wala haulizwi mara mbili. Akatoa simu, akabonyeza, na sauti ya Redio Mbao wa miaka kumi na miwili iliyopita ikajaa saluni.

*Nikatoka na kikombe cha maji. Eeh. Nikampigia magoti pale pale barabarani. Nikamwinua kichwa, akanywa mafunda mawili. Nikamwambia, kunywa ndugu yangu.*

Mke wa kinyozi alijifuta machozi kwa ncha ya taulo. Hata waliokuwa wameisikia mara ishirini waliacha kujipepea. Ndiyo sehemu iliyoubeba mchezo mzima. Kwenye ukumbi ule wa kwanza watu walimcheka Redio Mbao wa jukwaani mpaka wakashika mbavu, kwa umbea wake na mikogo yake. Halafu kikombe kikatoka, na ukumbi ukawa kama umezimwa.

"Na jambo moja zuri," aliongeza Binti wa Kinasa. "Dada yake marehemu anakuja kwenye onyesho la Jumamosi. Ameomba aje siku moja kabla, Ijumaa, umsuke. Anasema anataka kichwa chake kishikwe na mkono uleule."

Kitana kilisimama katikati ya nywele za mteja.

"Hayo ya maji," alisema Redio Mbao, "niachie mpaka Ijumaa. Nitakupa jibu."

"Jibu la nini, mama?"

"Si umesema hamuulizi mara mbili?"

Maana yeye hakumpa mtu maji.

Siku ile aliposikia makelele yanakuja, wateja walikuwa wameshatawanyika. Aliusukuma mlango, akatia komeo, akauegemeza mgongo. Fundi viatu alikuja akagonga. Hakumfungulia. Alibaki hivyo mpaka kukawa kimya, na kimya chenyewe kilipokuja hakukiamini, akakaa tena saa nzima.

Siku ya tatu aliingia Mama Pacha, anayefua na kupiga pasi nguo za watu nyumba ya tano kutoka pale. Nywele timtimu, macho mekundu. Alikaa kitini, akasubiri wabaki wawili, akasema yote. Wale wanaume walipohamia mtaa wa pili, naye mume wake akiwa kati yao, alipita uani na kikombe. Alimpigia magoti. Mafunda mawili. "Usimwambie mtu," alisema. "Baba pacha akijua, nimekwisha." Redio Mbao aliapa. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake alishika kiapo, wiki tatu nzima.

Halafu wakaja vijana wa vinasa sauti. Alizungumza saa mbili, akawachekesha, akawapa na chai. Mwishoni Binti wa Kinasa akauliza swali dogo tu: "Na wewe mwenyewe, mama, ulikuwa wapi?"

Mdomo wake haukuzoea kukosa jibu. Neno "mlango" lilikataa kutoka, ukashika lililokuwa karibu. Jina la Mama Pacha alilihifadhi, hilo alilitimiza. Ila maji aliyachukua. Walipomrudishia maneno yake mara ile, saluni ilikuwa imejaa, kila mtu anamtazama kama mtakatifu, naye akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

Tangu hapo dada mtu alimpigia simu kila mwaka, tarehe ileile. Hakuwa na maneno mengi. Alimwita dada, akamuulizia mgongo wake na biashara, akamwambia anamwombea. Mwaka wa tano alisema amejifungua binti, kampa jina lake, lile la kwenye kitambulisho. Redio Mbao, ambaye hakuna mtoto wa mtaa ule aliyezaliwa asimtangaze, hilo hakumwambia mtu.

Jumatano alikwenda kwa Mama Pacha. Alimkuta kwenye meza ya kupigia pasi, mashati ya watu yamepangwa kitini kama abiria.

"Shoga, nina jambo."

"Lini ulikuja bila jambo? Shika hiyo shuka tukunje."

Wakaikunja, wakisogeleana na kuachana kama wacheza dansi. Redio Mbao akasema alilokuja nalo: dada wa marehemu anakuja, anataka mkono, na yeye mkono hana.

Mama Pacha aliipitisha pasi kwenye kola, taratibu, bila kumtazama. "Ulipoyachukua maji yangu nilifurahi, unajua? Nilikaa nyuma kabisa ukumbini. Nikamwona yule msichana anamwinua kichwa. Nikasema afadhali, yamefika kwa watu na mimi simo. Sasa yamekuelemea, unataka kunirudishia."

"Si kukurudishia. Nataka nimwambie tu si yangu."

"Ni kitu kimoja. Yasipokuwa yako wataanza kutafuta ni ya nani."

Redio Mbao alitafuta pa kukaa. Alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu, mzima mzima, kikalia. Mumewe Mama Pacha alikuwa ametoka jela mwaka uliopita, baada ya miaka kumi na mmoja. Alikuwa anapakia magunia kwenye ghala, anaondoka alfajiri, anarudi amechoka, salamu zake za kichwa tu. Mtaani hakuna aliyejua amerudi na nini moyoni.

"Anajua?" aliuliza kwa sauti ya chini, ingawa nyumba haikuwa na mtu mwingine.

"Nilimwambia. Mwezi wa pili tangu atoke. Nilisema kama kuniua na aniue, watoto wameshakua." Aligeuza shati. "Siku ya tatu tunakula, akaniuliza, alikunywa? Nikamwambia alikunywa. Akaendelea kula. Hajauliza tena."

Pasi ikapumua mvuke. Redio Mbao, ambaye kwa habari nusu ya hiyo angefunga saluni apite nyumba kwa nyumba, aliinamia vidole vyake.

"Mwambie dada mtu," alisema Mama Pacha mwishowe. "Yeye ndiye mwenye msiba. Mpe na jina langu. Lakini wale wa kinasa, hapana. Sitaki wanangu wamsikie baba yao jukwaani, na watu wamekata tiketi. Nikiwataka nitawaita mwenyewe. Umenisikia, shoga? Hilo mdomo wako uliweze."

"Nitauweza."

"Ulisema hivyo hivyo mara ile."

"Na jina lako nililitoa?"

Mama Pacha alifikiri. "Hukulitoa," alikubali.

Ijumaa Redio Mbao alifukuza wateja. Aliwaambia amefunga, na mtaa ukaingiwa na hofu. Mke wa kinyozi alitabiri kuna mtu kafa na wanafichwa. Dada mtu alifika saa tatu asubuhi. Alikuwa mwalimu, mwanamke wa umri wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto hamsini bila kupaza. Alimshika Redio Mbao mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Akaiachia, akatoa kwenye mkoba picha ya msichana mwenye sare za shule na pengo la meno.

"Wajina wako huyo. Mdomo wake, wee. Mwalimu wake anasema hapumziki."

Redio Mbao alikuwa amepanga kusema mlangoni. Mlangoni akashindwa, akasema tukae kwanza. Walipokaa akaona aoshe nywele kwanza, si vizuri mtu asikie jambo zito na vumbi la safari kichwani. Alipoosha, akaona azikaushe. Alipozikausha, mikono ikaanza mstari wa kwanza yenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani, na mistari ikafuatana, mizuri, midogo, ya kurudi nyuma, huku dada mtu akisimulia jinsi kaka yake alivyokuwa mvivu wa kuoga utotoni. Alikuwa amefika katikati ya utosi ndipo akagundua alichokifanya. Msusi wa miaka thelathini kazini, anajua kabisa kuna habari haziambiwi mtu aliyesukwa nusu. Anayekwenda kuachwa, mwambie ukishamaliza kumsuka, aondoke amependeza. Sasa yeye amemfunga mtu kitini kwa nusu kichwa.

Lakini akiendelea mpaka mwisho hatasema. Alijijua.

"Mwalimu," alisema, na kuitwa mwalimu badala ya dada kulimfanya yule mwanamke anyanyue macho kwenye kioo. "Mimi sikumpa maji kaka yako."

"Unasemaje?"

"Alipewa. Alikunywa, mafunda mawili, hilo ni kweli kabisa. Lakini si mimi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango huu hapa, nimetia komeo. Nilisimuliwa, nikalifanya langu."

Kwenye kioo uso wa dada mtu haukubadilika. Ila shingo, chini ya vidole vya Redio Mbao, ilikaza kama kamba ya kuanikia nguo. Akavitoa vidole.

"Miaka kumi na miwili," alisema dada mtu.

"Ndiyo."

"Mtoto wangu ana jina lako."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapokea simu zangu. Unaniambia amina."

Redio Mbao hakujitetea. Alikuwa na utetezi mwingi, alikuwa nao wa kila aina, alikesha akiupanga, na sasa aliuona wote ni maneno tu.

"Nani alimpa?"

Akamtajia. Akamwambia na habari ya mume, hakumficha, maana mtu hatumwi kwenye nyumba gizani. "Yeye mwenyewe kasema nikuambie. Ila hataki kinasa sauti."

"Nyumba ipi?"

"Ya tano mkono wa kushoto, mlango wa kijani, utaona nguo kwenye kamba. Ngoja nikupeleke. Ngoja basi hata nikufunge kitambaa."

"Niache."

Akasimama, taulo likaanguka, akatoka. Upande wa kushoto kichwa kimelala mistari kama shamba lililolimwa, upande wa kulia nywele zimesimama wima. Barabarani mazungumzo yakakatika, na muuza ndoo akasahau kurudisha chenji. Mwalimu akapita katikati yao bila haraka, kama anayekwenda ubaoni.

Redio Mbao alibaki mlangoni. Alizihesabu hatua zake mpaka mlango wa kijani, akauona ukifunguka, ukafungwa. Mke wa kinyozi alikuja mbio.

"Kuna nini? Yule nani? Mmegombana?"

"Nenda kwako."

"Redio, mimi wa kuniambia nenda kwako?"

"Nenda, mwanangu. Leo sina."

Simu ikaita. Binti wa Kinasa alitaka jibu lake.

"Futa," alisema Redio Mbao.

"Mama, yale maji ndiyo…" Akajizuia. "Sawa. Hatuulizi mara mbili."

"Lakini mimi naweza kusema jingine bila kuulizwa. Mwambie yule fito wako aandike. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Alikuja akagonga, sikumfungulia."

"Unataka hilo lisemwe jukwaani? Kesho? Mtaa mzima utakuwepo."

"Si mmesema mnataka kujua mtaa umebaki na nini? Mimi nimebaki na hilo. Andika kabla sijalipamba."

Alikata simu, akaokota taulo, akalikung'uta. Akafagia sakafu isiyokuwa na kitu. Kilichosemwa nyumba ya tano hakukijua siku hiyo na hakuwahi kukijua baadaye. Mama Pacha hakumwambia, naye hakumuuliza, na hilo likawa shimo la kwanza katika habari za mtaa ule. Aliona tu saa moja na nusu ikipita. Alimwona Mama Pacha akitoka kuanua nguo, akirudi ndani amezikumbatia. Alimwona, moyo ukimdunda, mume mtu akirudi mapema kutoka ghalani, amesimama mlangoni kwake, kavua kofia, haingii. Halafu kainama akaingia. Haikusikika sauti.

Dada mtu aliporudi macho yalikuwa yamevimba na hatua ni zilezile. Aliketi kwenye kiti kilekile, akajitazama kwenye kioo, mwendawazimu nusu na bibi harusi nusu.

"Malizia," alisema.

Redio Mbao alichukua kitana. Aliupumzisha mkono kidogo begani mwa yule mwanamke, akakumbuka, akautoa. Akagawa nywele. Mstari mmoja, wa pili. Wa tatu ulikwenda kombo, akaufumua.

"Alipogonga," alisema dada mtu, "alisema nini?"

Hapo ndipo yalipomjia. Yalikuja yenyewe, maneno matamu, yameiva, yamepangana ulimini: kwamba alimtaja mama yao, kwamba alisema waambieni nyumbani niliwapenda, kwamba alimsamehe yeye mwenye komeo. Lolote kati ya hayo yule mwanamke angelala nalo usingizi mpaka kufa. Na nani angebisha? Nyuma ya mlango alikuwepo mmoja tu.

"Alisema fungua," alisema Redio Mbao. "Mara tatu. Hakuniita jina. Hakumtaja mtu."

"Fungua tu."

"Fungua tu. Ya kwanza kwa nguvu. Ya tatu kama mtu anayeomba apishwe apite."

"Na wewe ulimjibu?"

"Nilibana pumzi, asijue kuna mtu."

Dada mtu alifumba macho. Redio Mbao alisimama na kitana mkononi, akisubiri kuambiwa aondoke kwenye saluni yake mwenyewe. Nje mtu alimpigia mwenzake mluzi. Taratibu kichwa kikainama upande wa kushoto, wa kulia uliokuwa bado ukainuka, ili mkono ufike.

"Hapo mbele usinikaze sana," alisema dada mtu. "Panauma."

Redio Mbao akalegeza.